Miwani ya Mshonaji Ilipiwe na Nani?



Niliitwa katika kiwanda kimoja cha nguo hapa Kampala, ambacho sitakitaja jina, nikamtetee mama mmoja mshonaji. Mama huyo amekaa na cherehani miaka kumi na tisa. Alikuwa amekwisha kupewa barua mbili za onyo, na ya tatu ilikuwa mezani, imepigwa chapa tayari, imebaki kutiwa sahihi tu. Makosa yake yaliandikwa kuwa ni uvivu na uharibifu wa mali ya kampuni: mishono imekwenda upande, vitundu vya vifungo havikai sawa, na idadi ya mashati kwa siku imeshuka.

Sikubishana nao juu ya mashati. Niliomba sindano na uzi, nikamwambia, "Mama, hebu tunga." Akaishika sindano, akaisogeza mbali na uso mpaka mkono ukanyooka wote, akakunja uso, akajaribu mara nne. Uzi ukapita pembeni kila mara. Ndipo nikavua miwani yangu ya kusomea nikampa aivae. Akatunga mara ya kwanza.

Msimamizi wake akatazama chini. Lakini meneja, mtu hodari wa hesabu, akasema hivi: "Basi ni uzee. Uzee si kosa la kampuni."

Tulipotoka nje nilimwuliza mama kwa nini hakusema mapema. Akanijibu, "Bwana Katibu, ningesema sioni, wangenipa miwani au wangenipa barua ya kwenda nyumbani?" Sikuwa na jibu la kumpa, kwa maana katika mapatano yetu na kiwanda kile hakuna neno hata moja juu ya macho. Tumeandika juu ya sabuni, juu ya ovaroli, juu ya chai ya saa nne, na juu ya jeneza la mfanyakazi akifa. Macho tumeyasahau. Meneja ana lake la kujibu, lakini na sisi viongozi tulioketi mezani tukatia sahihi tunalo letu.

Mimi si daktari. Shule niliishia darasa la saba. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwa wauguzi wa macho tuliowaalika katika mikutano ya matawi, na kwa kusoma. Wao walitueleza kwamba ndani ya jicho mna kioo kidogo kiitwacho lenzi. Kwa kijana kioo hicho ni laini, hubadili umbo kadiri mtu anavyotazama karibu au mbali. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi kinaanza kukakamaa. Hapo mtu ataiona vizuri boda boda inayokuja kule mbali, lakini tundu la sindano, herufi za gazeti, namba za risiti na mawe yaliyomo ndani ya mchele vinampotea. Wengi hudhani ni cherehani iliyowaharibu macho, na wengine hukataa miwani wakiamini kwamba ndiyo italeta upofu. Yote mawili si kweli. Jambo hili linampata meneja na mfagiaji sawasawa, na dawa yake ya kawaida ni miwani ya karibu. Karoti ni chakula kizuri, lakini haitailainisha lenzi iliyokwisha kukakamaa.

Shirika la Afya Duniani katika taarifa yake ya mwaka 2019 lilihesabu watu milioni 826 duniani wenye shida hii ambao hawana miwani ya kuwafaa. Watu milioni 826! Na miongoni mwao wamo watu wa kazi za mikono, kama sisi.

Sasa turudi kwa meneja na hesabu zake. Huko Assam, nchini India, wataalamu waliwachukua wachuma chai wa umri wa miaka 40 na zaidi ambao macho yao ya karibu yamepungua. Nusu yao wakapewa miwani papo hapo, nusu wakaambiwa wangoje. Kisha majani yakapimwa kila siku. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018: waliovaa miwani waliongeza uchumaji kwa karibu asilimia 22 kuliko waliongoja. Mtu yule yule, shamba lile lile, kikapu kile kile. Kilichozidi ni vioo viwili juu ya pua. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo mengine kutoka vijiji vya Bangladesh, kwa watu wa miaka 35 hadi 65, wakiwamo washonaji na mafundi wa namna namna. Baada ya miezi minane, mapato ya waliopewa miwani yalikuwa yamezidi ya wale wasiopewa kwa asilimia 33.

Wenzetu wa mashamba ya chai ya Kabarole na Mityana wanaolipwa kwa kilo wataelewa upesi maana ya habari hii. Mtu wa kilo asiyeona vizuri anakatwa mshahara kila siku bila barua, bila kuitwa ofisini, na wala hajui kwamba anakatwa. Anadhani ni mikono yake imechoka.

Kwa hiyo meneja anaposema uzee si kosa la kampuni, na mimi namwuliza: cherehani ikikaa miaka kumi si hutiwa mafuta? Mkanda ukikatika si hununuliwa mwingine? Sijapata kuona cherehani imeandikiwa barua ya onyo. Kiwanda kimeuchukua ujana wa mama yule, kimefaidi ustadi wake wa miaka kumi na tisa, na ustadi huo bado uko kwenye vidole. Miwani ya kuutumia ustadi huo haifiki bei ya gunia la mkaa.

Wako wanachama, tena wanachama wazuri, wanaoniambia kwamba haya ni mambo madogo. Wanasema: tupiganie mshahara kwanza, miwani kila mtu atajinunulia. Naelewa uchungu wao. Kima cha chini cha shilingi 6,000 kwa mwezi kilichotangazwa mwaka 1984 hakina thamani leo, na kila anayeketi mezani na matajiri anajua jinsi wanavyocheka tunapokitaja. Lakini mshahara anaupata aliyeko kazini. Nimewaona mafundi wengi wa umri wa miaka 45 au 50 wakiondoka viwandani kimyakimya, wanasema wamechoka, wanarudi kijijini, na kumbe kilichowaondoa ni lenzi. Hao hatuwahesabu kama waliofukuzwa, nao hawaji ofisini kwetu kulalamika.

Kuhusu kujinunulia, nina la kusema, maana hata mimi miwani yangu ya kwanza niliinunua kwa mchuuzi mtaani. Nilijaribu ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikachukua ile iliyonionyesha gazeti. Kwa kusoma tu inafaa, ikiwa macho yote mawili yana nguvu sawa. Hasara yake ni kwamba mchuuzi hawezi kutazama ndani ya jicho. Nilipokwenda hatimaye kupimwa, muuguzi alichukua muda mfupi sana kupata namba ya miwani, kisha akakaa muda mrefu akimulika ndani ya jicho na kupima presha yake. Nikamwuliza anatafuta nini. Akasema, "Natafuta mwizi."

Mwizi mwenyewe ndiyo hiyo presha ya macho, ambayo madaktari huiita glakoma. Jicho lina maji yanayoingia na kutoka. Yakishindwa kutoka sawasawa, mara nyingi presha hupanda, na mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo hufa polepole. Kwa kawaida haumi. Mtu haoni dalili, kwa sababu kinachopotea kwanza ni pembeni. Mbele anaona vizuri tu. Akija kutambua, sehemu kubwa imekwisha kwenda, na iliyokwenda hairudi, si kwa dawa wala kwa kisu. Sisi Waafrika hutupata zaidi na mapema kuliko Wazungu, na hufuata ukoo: kama baba au dada yako anayo, nenda ukapimwe. Ikigunduliwa mapema, matone ya kila siku, au mionzi ya leza, au upasuaji, huzuia kilichobaki kisipotee. Lakini matone hayo ni ya maisha yote, na hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Chupa ikiisha, na kwa kuwa jicho haliumi, mtu anaona heri anunue unga.

Nawafikiria hasa madereva wetu wa teksi na malori. Dereva anayegongesha kioo cha pembeni mara kwa mara, anayeshtuka boda boda inapotokea ubavuni, huyo huenda si mlevi wala si mzembe. Apimwe.

Mtoto wa jicho ni habari nyingine, na afadhali ni habari njema. Hapa lenzi yenyewe inakuwa na ukungu, kama dirisha lililoingia moshi. Taa za magari ya mbele usiku humtawanyikia dereva machoni, rangi hufifia, na mwisho mboni huonekana nyeupe. Huu ndio unaopofusha watu wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote wa macho duniani. Na bado ni upofu unaoondoka! Daktari huitoa lenzi iliyoharibika na kuweka nyingine ya plastiki, kwa muda usiozidi saa moja, mara nyingi kwa sindano ya ganzi tu, na mgonjwa kwa kawaida hurudi nyumbani siku hiyo au kesho yake. Hapa Kampala upasuaji huo hufanywa Mulago na Mengo, na nje ya Kampala kuna hospitali za macho kama Ruharo kule Mbarara na Benedictine kule Tororo. Hakuna matone yanayoyeyusha mtoto wa jicho. Anayekuuzia hayo anakuibia. Mwenye kisukari naye apimwe ndani ya jicho kila mwaka, hata kama anaona vizuri, kwa sababu sukari huharibu mishipa midogo ya damu kule nyuma bila kumwambia mwenyewe.

Hayo yote huja na umri au na ukoo. Yako mengine tunayoletewa na kazi yenyewe, na hapo hakuna meneja wa kuniambia habari ya uzee.

Pita Katwe siku yoyote. Utawaona vijana wanachomelea madirisha na mageti kando ya barabara, na machoni wamevaa miwani ya jua ya kwenda nayo harusini, au hawakuvaa kitu. Wanafumba jicho moja wanapogusa chuma. Kisha usiku, saa sita au saa nane baadaye, ndipo anapoamka analia, macho yamejaa mchanga usioonekana, hawezi kutazama hata mshumaa. Mwanga wa kuchomelea umeunguza kioo cha mbele cha jicho, kama jua linavyounguza ngozi ya Mzungu. Kwa kawaida hupona kwa siku moja au mbili akipumzika. Lakini kijana haoni sababu ya kupumzika, kwani asipochomelea hali. Miwani ya jua haizuii mwanga ule wa moto inavyotakiwa, wala haifuniki pembeni. Kinachotakiwa ni kioo cheusi cha kazi hiyo, namba 10 au zaidi kwa kadiri ya ukali wa umeme, kilichowekwa katika kinga inayofunika uso mzima. Tena kuwe na pazia kati ya fundi na wengine. Mama anayeuza chai jirani na karakana, na mtoto aliye mgongoni mwake, hawakuajiriwa na mtu, lakini mwanga unawapata.

Grainda nayo ina yake. Kipande kidogo cha chuma kinachoruka kwa mwendo ule hupasua jicho na kuingia ndani, na mtu huona kama kachomwa tu kidogo. Chuma kikibaki mle ndani kinashika kutu na kuua jicho taratibu. Jicho lililotobolewa lisikandwe wala lisioshwe. Lifunikwe kwa kitu kigumu kisichogusa, kama kikombe cha plastiki, na mtu akimbizwe hospitali. Ikiwa ni maji ya betri, chokaa, saruji au soda kali ya kutengenezea sabuni, kinyume chake: osha hapo hapo, kwa maji safi mengi, kope zimefunuliwa, dakika 15 hadi 30, kabla ya kutafuta hata gari. Chokaa na soda ni mbaya kuliko asidi, maana huendelea kula ndani. Nimeona karakana yenye mafundi ishirini na mfereji mmoja wa maji uliofungwa kwa kufuli, na ufunguo yuko nao bosi.

Na tafadhali, vijiti vya kiberiti na ncha za nguo si vyombo vya kutolea uchafu jichoni.

Sheria zipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, zikiwamo miwani za kazi, bila kumkata mfanyakazi senti. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamtaka alipie matibabu na fidia kwa aliyeumia kazini. Lakini mara nyingi mtu huja ofisini kwetu miezi sita baada ya jicho kwenda, hana karatasi yoyote, shahidi wake amehama. Jicho likiumia, ripoti iandikwe siku hiyo hiyo, mwajiri apewe, nakala ibaki kwa mwakilishi wa tawi. Mwaka 2023 Shirika la Kazi Duniani, pamoja na shirika la kimataifa la kuzuia upofu, lilitangaza kwamba majeraha ya macho kazini ni milioni 3.5 kila mwaka duniani. Sina shaka ya Katwe mengi hayakuingia katika hesabu hiyo, kwa kuwa hakuna aliyeyaandika.

Sasa niwageukie wanachama, maana sipendi kuwalaumu matajiri peke yao. Jicho likiwa jekundu, sisi tunakwenda wapi kwanza? Kwenye duka la dawa. Tunasema, "Nipe ya macho," nasi tunapewa ya macho. Katika chupa hizo kuna zenye dawa ya jamii ya deksamethasoni, ambayo huondoa wekundu upesi sana na kumfurahisha mtu. Akiitumia miezi bila daktari humpandishia presha ya jicho na kumletea mtoto wa jicho kabla ya wakati; na kama lilikuwa kidonda, kinachimba zaidi. Kuna na yale matone ya ganzi ambayo daktari hutia mara moja ili akupime. Wachomeleaji wengine hupata chupa yake wakaitumia kila usiku. Maumivu yanakwisha, na kioo cha jicho kinaoza.

Mnakumbuka macho mekundu ya mwaka 2024? Yalianza kusikika Dar es Salaam mwezi wa Januari, na Machi Wizara yetu ya Afya ikatangaza kwamba yamefika Uganda. Watu walijitia mkojo, maziwa ya mama, maji ya majani ya chai. Ugonjwa ule wa virusi kwa kawaida huondoka wenyewe katika wiki moja au mbili, kwa kunawa mikono na kutoshirikiana taulo. (Ghana ulipozuka mwaka 1969, watu waliuita Apollo 11, kwa kuwa ulikuja mwaka ule Wamarekani walipotua mwezini.) Kwetu kilichouma zaidi ni kwamba baadhi ya wakubwa waliwarudisha watu nyumbani wasiambukize wenzao, jambo ambalo ni sawa, kisha wakawakata siku zile, jambo ambalo si sawa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi mgonjwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Matokeo ya kuwakata ni kwamba walioambukizwa baadaye walivaa miwani myeusi wakaficha, na mstari mzima ukaugua.

Ninachopendekeza kiingie katika mapatano yanayokuja ni hiki. Kila mfanyakazi aliyetimiza miaka 40 apimwe macho kwa gharama ya mwajiri, ndani na nje, kila baada ya miaka miwili. Dereva, mwenye kisukari na mwenye glakoma katika ukoo wake, kila mwaka. Miwani ya kazi ilipiwe na mwajiri. Asipewe mtu barua ya onyo kwa kazi mbovu kabla macho yake hayajapimwa. Na aliyeonekana na kasoro asiondolewe kazini kwa sababu hiyo. Hili la mwisho liandikwe kwa wino mweusi, kwa maana bila hilo hakuna atakayekwenda kupimwa. Mama mshonaji alikwisha kutuambia kwa nini.

Barua yake ya tatu haikutiwa sahihi. Miwani alinunuliwa na wenzake wa mstari wake, waliochanga kila mmoja kidogo siku ya mshahara. Meneja aliwapongeza kwa umoja wao.

Mazungumzo na kiwanda kile yatafunguliwa karibuni. Wawakilishi wa matawi naomba mlete ofisini hesabu ya wanachama wenu wenye miaka 40 na kuendelea, na majina ya walioandikiwa barua za onyo kwa kosa la kazi mbovu. Kama kuna tawi ambalo mwajiri wake amekwisha kukubali kulipia miwani, tuleteeni nakala ya maneno yaliyoandikwa, tuyaweke mezani.